Mabawa kwenye Feni

Tangu Teresa aajiriwe kupima nyama katika ghala la baridi la ushirika wa wachinjaji, Sellah aligundua kwamba kumbikumbi hukauka vizuri nyuma ya ghala hilo kuliko mahali pengine popote mjini Kakamega.

Sababu aliyoitoa ilikuwa ya kweli. Pale nyuma, chini ya kibanda cha mabati, ilikaa mashine ya kutia baridi, na feni yake ilitema upepo wa moto mchana kutwa. Mvua za Aprili zilikuwa zimewatoa kumbikumbi katika kila kichuguu, jua halikuonekana, na mwanamke mwenye akili angeuachaje upepo wa bure upotee? Sellah aliweka ungo wake mbele ya upepo ule. Kumbikumbi wakakauka, mabawa yakapeperuka yenyewe, yakizungukazunguka chini ya kibanda. Mashine ilimkaushia, ikampepetea pia.

Sababu ambayo hakuitoa ni dirisha. Akiketi pale kwenye ungo wake, alimwona Teresa vizuri kabisa.

Teresa alivaa viatu vya kisigino kirefu na kucheka kwa koo wazi. Na fundi wa mashine alikuwa Cleophas Shitanda, mume wa Sellah. Mzungu aliyeifunga mashine ile alirudi kwao mwaka wa Uhuru, akamwachia Cleophas spana na maonyo mengi. Hadi Aprili hiyo, mashine haikumsumbua. Sasa ilizima kila mara, na kila ikizima, sauti ile ile ilipaa:

"Kaka Cleophas! Imezima tena!"

"Kaka!" Sellah alisonya, akitikisa ungo. "Mama mkwe wangu alimzaa huyu lini?"

Nyumbani, juu ya obusuma, ugali wa kwao, na mboga, Cleophas alijaribu kumweleza. "Kuna swichi ya presha, Mama Jael. Gesi ikibanwa kupita kiasi, swichi inazima mashine kabla haijajiumiza. Bila hiyo, joto lingepanda mpaka oili iungue, iwe nyeusi kama lami. Na kompresa isiyo na oili nzuri inajitafuna yenyewe."

"Na kabla ya huyo msichana kuja, mbona haikuwa inazima?"

Cleophas akacheka, na hilo ndilo lilikuwa kosa lake. "Sijui. Kuna kitu kinapandisha presha. Bado natafuta."

"Tafuta," Sellah akasema, akiondoa sahani kabla hajamaliza. "Naona unatafutia karibu na mizani."

Kesho yake mashine ilizima asubuhi. Cleophas akaja mbio, akangoja ipoe, akainua kijiti cha swichi, mashine ikanguruma tena. Teresa alisimama karibu naye, karibu mno. Akanyoosha mkono, akamtoa bawa la kumbikumbi kwenye nywele.

"Umeota mabawa, Kaka. Utaruka utuache!"

Wakacheka wote wawili. Sellah aliona kitu kikimpanda kifuani kama maji ya ugali yanayotaka kufurika. Cleophas alipoondoka kwenda sokoni kutafuta mkanda mpya wa mashine, wazo lilimjia likiwa limekamilika. Mashine isipozima, Teresa hataita. Asipoita, Cleophas hatakuja.

Akainuka, akatoa kikapuni kamba ya katani ya kufungia kuku, akakifunga kijiti cha swichi kisiweze kuanguka. Alitumia fundo la kwao Shinyalu: mizunguko miwili, mkia unaingia chini, na jinsi kuku anavyojivuta ndivyo linavyozidi kukaza. Kisha akarudi kwenye ungo wake akiwa na amani ambayo hakuwa nayo tangu mvua zianze.

Amani hiyo haikufika mbali. Upepo ulizidi kuwa moto mpaka kumbikumbi wakaanza kuungua. Mlio wa mashine ukawa wa kukwaruza, mzito, kama mtu anayebeba mzigo asioumudu. Ikafuata harufu, kali na chungu, kama ya kikaango kilichosahauliwa motoni. Sellah akalikumbuka neno la mumewe: inajitafuna.

"Teresa!" Hakuwahi kulitamka jina hilo kwa sauti. "Teresa, zima!"

Teresa akavua viatu akakimbia, akavuta swichi kubwa ya ukutani. Kimya kikaanguka juu ya kibanda.

Cleophas alipofika, Bwana Maina, meneja wa ushirika, alikuwa nyuma yake. Cleophas alifungua kizibo cha oili, ikatoka nyeusi na kunuka. Akapitisha mkono upande wa ukutani, mahali feni inapovutia hewa, mahali pasipopita hata paka, akautoa umejaa mabawa ya kumbikumbi. Konzi kwa konzi. Hewa ilikuwa imezibwa siku zote hizo.

Kisha akaiona kamba. Vidole vyake vikatulia juu ya fundo. Akainama, akatazama chini.

"Nani amefunga swichi?" Maina akauliza. "Shitanda, ni wewe? Ulichoka kuitwa? Ukinyamaza nitajua ni wewe, na kesho usije hapa."

Cleophas akanyamaza.

"Ni mimi, Bwana Maina," Teresa akasema. "Mimi ndiye niliyechoka kuita. Kaka hana kosa."

Hapo Sellah alikuwa amepewa kila alichokitaka. Teresa angefukuzwa, mumewe angebaki. Ilitosha afunge mdomo. Lakini aliuona uso wa Cleophas ukigeuka kumtazama Teresa kwa mshangao na shukrani, naye akajua kwamba mwanamke aliyepoteza kazi kwa ajili ya mumeo hatoki tena nyumbani mwako. Angekaa nao mezani mpaka uzeeni.

"Muongo!" Sellah akapiga kelele. "Huyo? Mwambie alifunge fundo hilo hapa mbele yetu! Hajawahi kufunga hata kuku. Nimefunga mimi. Na mabawa ni yangu pia!"

Maina aliwatazama wote watatu, akapangusa uso. "Shitanda, safisha mashine, utie oili mpya. Ikiwaka, utabaki. Isipowaka, nendeni wote. Na ungo huu nisiuone hapa tena."

Cleophas alizoa mabawa yote, akatia oili mpya. Mwisho akasema, bila kuinua kichwa, "Fundo nililijua."

"Na ukanyamaza?"

"Ningesema nini, Mama Jael?"

Sellah akamgeukia Teresa. "Wewe kwa nini ulisema?"

"Ana mtoto wa kulisha. Mimi sina."

Sellah aliutafuta uongo katika uso ule, akautafuta tena, asiupate, na hilo likamuuma kuliko viatu vyote vya kisigino.

Jioni mashine ilikohoa, ikasita, kisha ikashika.

"Kaka Cleophas, imewaka!"

Sellah alibeba ungo wake, akauhamishia ng'ambo ya barabara, mahali ambapo upepo wa mashine haufiki. Kumbikumbi wangechelewa kukauka. Lakini dirisha lilionekana vizuri.