Bado Yuko Njiani

“Rudia hapo pa ng'ombe,” Mama alisema, akaweka chini kisu cha kukatia mboga za sukuma wiki.

Nikarudia kumsomea ukurasa ule. Ng'ombe mweupe alipita chini ya mto, taa mbili zikiwaka kwenye pembe zake, mvulana amempanda mgongoni. Mama akapiga makofi kama msichana. “Ni yeye! Haki ni Javan wetu! Kumbe Madam Kageha hakusahau!”

Mimi nilikuwa na hasira mpaka herufi zinanichezea. Javan, kitindamimba wetu, alichukuliwa na mto Sosiani wakati wa mvua za Aprili, na hatukupata hata kiatu. Baada ya wiki moja Mama aliitwa arudi kazini kwa Madam Kageha, mtaa wa Elgon View, alikokuwa yaya, kwa sababu mtoto wa madam alikataa kulishwa na mtu mwingine. Hapo ndipo hadithi ilipoanza. Kijiko cha ugali na maziwa, Javan anaingia pangoni. Kijiko kingine, anapigana na jitu. Nilikuwa nikienda huko likizo kumsaidia kufua, nikayasikia yote, madam naye akisikiliza mlangoni. Sahani ikiisha, mtoto aliuliza kama Javan amefika nyumbani, na Mama alijibu vilevile kila siku: “Bado. Yuko njiani.”

Sasa madam ameichapisha hadithi hiyo kama kitabu chake, nayo imepata tuzo. Ina jalada linalong'aa, picha ya madam akitabasamu, na maneno kwamba kisa kizima kilimjia akiwa ameketi bustanini. Bustanini! Jina la Selpha, mama yangu, halimo hata kwenye shukrani, ambako mbwa wao ameshukuriwa. Javan naye ameitwa Ryan.

“Wacha majina,” Mama aliniambia nilipoanza kufoka. “Macho yangu hayawezi kusoma tena, lakini masikio yanamjua mtoto wangu. Soma.”

Nikasoma. Mama alicheka, akasahihisha: “Hapo madam amekosea. Javan hakuwa anaogopa giza.” Jumapili, tulipotoka kanisani, tukafika sura ya mwisho, na jicho langu likatangulia. Madam alikuwa amemfanya mvulana aachilie pembe, azame, ageuke povu. Waliotoa tuzo wameusifu mwisho huo kwenye jalada, eti ni wa kijasiri. Ujasiri gani, na mtoto si wake?

Nikaufunika ukurasa kwa kiganja. Mama akaniinamia, leso ameikunja mikononi.

“Mbona umenyamaza? Amefika nyumbani?”

Nikafunga kitabu.

“Bado, Mama,” nikasema. “Yuko njiani.”