Kabati Moja, Milango Minne

Nilifuta sauti ya shemeji yangu kwa kidole gumba cha mkono wa kushoto, huku mkono wa kulia umeshika meno ya juu ya mtu mwingine. Sitafuti huruma, nasema tu ilivyokuwa. Simu ilikuwa imejaa, inakataa kupiga hata picha moja, na mimi nilitaka kuipiga picha seti ile ya meno kabla sijaipeleka kwa daktari, maana ilitoka nzuri mpaka nikayaonea wivu. Nikaingia kwenye maktaba ya muziki, nikaiona folda ya Mnadi imekaa pale juu. Nikajiambia: hizi nyimbo ziko kwake, ziko kwa Dada, ziko kwenye kompyuta, hapa kwangu zinakula nafasi bure. Nikaigusa folda nzima. Simu ikaniuliza swali refu kama barua ya mkuu wa shule. Sikulisoma. Nikabonyeza ndiyo, nikapiga picha yangu, na meno yakapendeza.

Mimi ni fundi wa meno bandia. Diploma yangu imetundikwa juu ya sinki, ina madoa ya plasta, na watu wa nyumbani hawaniiti jina, wananiita Meno. Mnadi ni mume wa dada yangu mkubwa. Miaka ishirini na mitatu alinadi samani kwenye ghala la mnada, na alikuwa na sauti ya kuuza kabati lililoliwa na mchwa, mnunuzi akaondoka anashukuru. Kwenye sherehe za ukoo yeye ndiye aliyeimba, sisi wengine tulipiga makofi na kuharibu. Kisha koo likaota uvimbe. Madaktari wakasema koromeo litoke lote, na sauti itoke nalo.

Wiki moja kabla ya upasuaji alikuja kwenye karakana yangu. Mle ndani rafu zimejaa mataya ya plasta toka sakafuni hadi darini, kwa hiyo sauti haidundi. Akaimbia simu yangu nyimbo nane: za kubembelezea watoto, za harusini, na ule mmoja aliomtungia Dada enzi za uchumba wao. Sasa anapumulia tundu lililo shingoni, lililofunikwa kitambaa cheupe, na akitaka kusema neno analiandika kwenye tableti.

Ni mimi niliyezipandisha nyimbo zile kwenye wingu la mtandaoni. Nikawakalisha wote wawili, nikawafafanulia kama mhandisi: kuanzia leo hazikai kwenye simu ya mtu, zinakaa juu, hata nyumba ikiteketea mtazisikia. Akaunti moja, yangu, neno la siri langu. Nikaiunganisha simu yangu, kompyuta ya karakana, simu ya Dada na tableti ya Mnadi. Dada alinishukuru mpaka nikaona aibu kidogo, ingawa si sana.

Saa nane na dakika kumi mchana ujumbe wa Dada ukaingia. Meno, nyimbo hazionekani kwenye simu yangu, hebu bonyeza pale unapobonyezaga. Nikacheka. Nikafungua kompyuta nimwonyeshe kwamba ni macho yake tu. Folda haikuwepo. Nikaizima kompyuta nikaiwasha tena, kama watu wote wasiojua la kufanya. Haikuwepo.

Jirani yangu wa ukuta mmoja ana duka la vifaa vya ofisi, anachapa barua na kutengeneza kompyuta za watu. Tunamwita Mama Karatasi. Niliingia dukani kwake na aproni yangu, nta bado vidoleni. Hakuwa na haraka. Alichukua simu, akapekua huku na huku, akauliza kama nilisoma kile nilichokikubali. Nikamwambia nilikuwa nimeshika meno.

"Ulidhani una makabati manne," akasema. "Una kabati moja, milango minne. Umelimwaga kwa mlango wako, ukategemea wenzako wakifungua ya kwao wakute vitu."

Nikamuuliza kuhusu pipa la taka, maana nilishawahi kusikia kuna pipa. Akasema kwingine lipo, kwenye huduma hii hakuna. Iliuliza mara moja, nikajibu. Kisha akanitazama vizuri, nadhani aliona nimeacha kutania, na hilo halijawahi kutokea dukani kwake. Akauliza kama kati ya vile vifaa vinne kuna ambacho tangu asubuhi hakijashika mtandao.

Kilikuwepo. Mnadi alikuwa kliniki tangu saa nne, na tableti yake haina laini ya simu. Huishi kwa waifai ya nyumbani peke yake.

"Basi hiyo haijapata habari ya msiba," Mama Karatasi akasema. "Ndani yake bado wote wazima. Ila ikigusa mtandao tu, inapata habari, na inafuta vya kwake palepale. Hiyo haitauliza."

Nikaanza kuandika ujumbe wa kumwonya Mnadi. Akanishika mkono. Ujumbe, akasema, utapita njia ileile. Siku atakayousoma ndiyo siku nyimbo zitakuwa zimeshakwenda. Na simu ya kawaida Mnadi hana. Aliigawa baada ya upasuaji, akaandika kwamba hana haja ya kulipia ukimya.

Nikapiga kliniki. Mhudumu wa mapokezi akasema mzee ameshatoka, kama dakika tano hivi. Kutoka kliniki hadi nyumbani kwake ni dakika ishirini na tano, kwa sababu hupumzika kwenye ngazi za posta. Kutoka kwangu ni kumi na tano kwa mtu mwenye kitambi. Hesabu ilikuwa inanipendelea.

Ningeweza kumpigia Dada nimwambie chomoa waya. Maneno mawili tu. Sikumpigia, kwa sababu baada ya maneno yangu mawili angeniuliza la kwake moja: kwa nini? Basi nikatoka mbio na aproni yangu, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, nikiwa nimepanga kuingia kwa mzaha, kuchomoa waya kwa mzaha, kunakili nyimbo kimyakimya na kuzirudisha kabla hawajamaliza chai. Njia nzima nilikuwa natunga utani wa kuingilia nao.

Na kulikuwa na jambo jingine lililonifanya miguu iwe mizito, nalo nilikuwa nimelifunika miezi minne. Mimi na Mnadi tulikuwa watu wa kurushiana maneno. Nikitupa, anadaka, anarudisha na cha juu. Baada ya upasuaji nilipotupa, yeye aliinama akaanza kuandika, na mpaka amalize kicheko kimeshapoa, na mimi macho yako darini nasubiri. Nikaona heri nimpelekee vitu. Nikapeleka tableti. Nikapeleka spika. Nikapeleka maktaba nzima ya muziki kwa njia ya hewa. Nilimpelekea kila kitu isipokuwa makalio yangu kwenye kiti chake.

Dada alikuwa sebuleni anapiga pasi, simu ameiegemeza kwenye mtungi wa maua, anazungumza na binti yake aliye mbali, ambaye humpata mara moja kwa wiki. Ilikuwa simu ya mtandao. Kisanduku cha waifai kilikuwa juu ya jokofu, nyuma ya Dada, kinapepesa taa zake za kijani kama kitu kisicho na kosa. Nikasalimia. Nikasema nimekuja kukikagua, nasikia kinakohoa. Dada akaninyooshea kiganja nikae, hakugeuka. Binti alikuwa anaeleza habari za chumba kipya alichohamia, dirisha linaangalia wapi, jirani ana mbwa wa namna gani.

Nikasogea kwenye jokofu. Dada naye akasogea, pasi mkononi.

"Meno, nimengoja hii simu siku saba. Ukikigusa hicho nitakuchoma."

Alisema kwa upole, kama anavyosema mambo yote anayoyamaanisha. Nikacheka kicheko cha kikazi. Nikatazama saa ya ukutani, na kupitia dirishani nikaona kitambaa cheupe kinakata kona ya mtaa. Mnadi. Leo hakupumzika kwenye ngazi. Alitembea kama mtu mwenye habari njema za daktari, tableti kwapani. Nami nilijua, maana ndimi niliyeitegesha, kwamba tableti ile hushika mtandao akifika getini. Hulia kengele moja, naye hupenda hivyo, aliwahi kuandika kwamba ndiyo hodi yake.

Kati yake na geti kulikuwa na nyumba tatu. Kinywani nilikuwa na utani mmoja umebaki. Nikauacha.

"Dada, nimezifuta. Nyimbo zote, ni mimi. Zimebaki kwenye tableti yake tu, na akifika getini hicho kisanduku kinazimaliza."

Alinitazama kwa muda wa nyumba moja. Kisha akamwambia binti, nitakupigia, mama, akaenda ukutani na kung'oa plagi ya waya wenye soketi zote, jokofu likanyamaza, pasi ikazima, taa za kijani zikafa. Geti likalia. Tukasikiliza wote wawili. Hakuna kengele.

"Na ule wangu?" akauliza.

"Na ule wako."

Mnadi aliingia akitabasamu, akaniona, akafungua mikono. Sikumkumbatia. Nilimpokonya tableti kama kibaka, nikaifungia mtandao kabisa kwenye mipangilio yake, ndipo nikaketi. Nikafungua folda. Ilikuwepo. Mistari ilikuwa tisa, na mimi nilikuwa nakumbuka minane, lakini sikusimama kwenye hesabu. Nikagusa wa Dada. Kimya. Mbele yake palikuwa na alama ndogo ya wingu, na chini maneno: hakuna mtandao. Nikagusa wa harusini. Kimya. Nikagusa ule wa watoto.

Hapo nikakumbuka. Ni mimi niliyeitegesha tableti ile ibane nafasi, ihifadhi ndani yake kile tu kinachosikilizwa mara kwa mara, vingine ionyeshe majina. Kilichobaki mle kilikuwa orodha ya marehemu. Mistari minane ilikuwa na wingu. Mmoja wa chini kabisa haukuwa nalo, wala haukuwa na jina, tarehe tu.

Dada alikuwa amesimama nyuma ya bega langu. "Kila asubuhi nilikuwa napiga pasi huku nausikiliza ule wangu," akasema, akaenda kuketi kizingitini mwa jikoni, ametupa mgongo. Nikamgeukia Mnadi, nikamweleza yote kwa mpangilio, kidole gumba, meno, swali refu, kabati na milango yake, hata ule woga wa kumpigia Dada. Nilipomaliza alinyoosha mkono, nikadhani anataka tableti yake. Alitaka kalamu. Akatoa kadi ya kliniki mfukoni, akaigeuza, akaanza kuandika juu ya goti.

Safari hii sikutazama dari. Niliitazama kalamu. Anaandika herufi kubwa, za mtu aliyezoea kubandika namba kwenye samani, na huweka nukta kwa nguvu. Akanipa.

Miezi minne hujakanyaga hapa. Ungezifuta mapema.

Kicheko kilinitoka kabla sijajua kama kinaruhusiwa. Mabega yake yakaanza kutikisika, hewa ikapiga mluzi chini ya kitambaa. Hakikuwa kimepoa hata kidogo. Kisha akaichukua kadi na kuongeza mstari, polepole, nami nikaufuata neno kwa neno unavyotoka: Zile niliwaimbia ninyi. Ninayoisikiliza ni hiyo.

Alinyoosha kidole kwenye mstari usio na jina.

Sikuikumbuka. Nilimwomba tusiiguse kwanza. Nikaweka simu yangu katikati ya meza, nikafungua kinasa sauti cha kawaida, kile kisichopeleka kitu popote, nikawaambia kwamba hii ndiyo njia pekee niliyobaki kuiamini: tableti itaimba, simu itasikia, na katika chumba hiki mtu asikohoe, asivute kiti, asiseme neno mpaka iishe. Dada hakugeuka, lakini aliacha kutikisa mguu. Mnadi akabonyeza mwenyewe.

Kwanza ulikuja mkwaruzo wa kiti, wa karakana yangu, ninaujua. Halafu sauti yake, kubwa, imejaa, ikauanza wimbo wa Dada kwa mstari wa kwanza mzima bila kukosea, na pale kizingitini mgongo wa Dada ukanyooka. Kwenye mstari wa pili nikajisikia mimi, mbali kidogo na simu, namwambia apunguze bei kidogo, kwa mashavu yake yale hatapata mnunuzi. Wimbo ukakatika. Alicheka. Nikacheka. Tulicheka kile kicheko kinachouma mbavu, mmoja akitulia mwenzake anamwasha upya, na katikati yake nikasikia taya la plasta limeanguka kutoka rafuni na kupasuka, tukazidi.

Lilikuwa jaribio lililoharibika. Nilishalisahau, nami sikuwahi kulichagua lipande juu. Lilipanda lenyewe pamoja na mengine, kwa kuwa maktaba ile hubeba vyote. Sasa nilikumbuka na mahali linapoishia. Nilitazama namba za kinasa sauti zinavyokwenda mbele. Mnadi alikuwa amefumba macho, kiganja juu ya kitambaa. Kwenye tableti kicheko kilipungua, mtu akavuta pumzi ndefu, akasafisha koo.

"Ngoja, usizime. Nihesabie tena, shemeji, nianze upya."