Vigelegele vya Mungaa

Redempta alikuwa na hakika, na hakika ya Redempta, jamani, hata trekta lisingeing'oa: mwanawe Nathan alirogwa na mama mkwe. Si watu wote waliona? Siku ya ubatizo kule Mungaa, bibi huyo alimwinamia mtoto akapiga vigelegele sikioni kabisa, mtoto akaruka mikono juu. Tangu hapo mfuniko wa sufuria ukianguka, anaruka. Mbuzi akilia, anaruka. Kisha akaacha kukaa, akaacha kucheka, shingo ikalegea. Redempta akampigia bibi simu kutoka Manyoni, akamwambia bila haya asikanyage kwake tena. Laurenti, mumewe, akashindwa kumtetea mama yake. Mwanaume mzima!

Miezi minane baadaye wamekaa mbele ya daktari, majibu ya damu iliyopelekwa India yako mezani. Daktari hakuzunguka.

"Kuna kimeng'enya kinaitwa heksosaminidasi. Kazi yake ni kukata kipande cha sukari kwenye mafuta fulani ya ubongo, ili yasirundikane. Nathan hana. Mafuta yanajaa, ubongo unazidiwa. Ndiyo maana anashtuka akisikia sauti."

"Alishtuliwa na bibi yake," Redempta akasema.

"Hapana, mama. Amezaliwa na ugonjwa huu. Kushtuka vile ni dalili yake ya mwanzo. Hata pasingekuwa na vigelegele, angeruka tu."

Redempta akamgeukia mumewe, kidole juu. "Si nilisema? Ni ukoo wenu!"

"Ni wote wawili," daktari akasema taratibu. "Mtoto haupati mpaka arithi kasoro kwa baba na kwa mama. Ninyi hamuumwi, lakini kila mmoja anayo." Akashusha pumzi. "Dawa hakuna. Wengi hawafiki miaka minne."

Lo! Kidole cha Redempta kilibaki hewani, hajui akiweke wapi. Kasoro itoke kwake yeye? Yeye aliyemzaa na kumnyonyesha?

Kesho yake mchana bibi alifika Manyoni kwa basi, Laurenti amemwita. Viatu alivivua mbali, uani, akaja akinyata.

"Shikamoo mama," Redempta akasema, macho chini.

"Marahaba," bibi akanong'ona. "Amelala? Nisije nikamshtua tena. Tangu siku ile, mwanangu, sijapiga vigelegele. Hata kwenye harusi ya Witness, binti yangu wa kumzaa, nilijiziba mdomo kwa kitenge. Nilijua mdomo huu ndio ulioniharibia mjukuu."

Redempta akapiga magoti palepale vumbini. "Si wewe, mama. Hukumfanya chochote. Ugonjwa ameutoa kwangu mimi na kwa Laurenti. Nilikusingizia."

Bibi hakusema amemsamehe. Akaketi mkekani, akanyoosha mikono.

"Nipe mtoto," akanong'ona.