Fito za Gaudensia

Usiku wa jana niliota nimefika kipengele cha saba cha fomu ya mdogo wangu Gaudensia: "Thibitisha kwamba mtoto alipata ulemavu kabla ya kutimiza miaka kumi na minane."

Gaudensia ana miaka arobaini na moja. Baba, sajini mstaafu, alishafariki. Mama alimfuata mwezi wa nne. Fomu isiporudi Ijumaa, mafao ya baba yanakoma, na ndiyo yanayomlisha.

"Usiandike," fomu ikaniambia. "Tuonyeshe."

Tupo ofisini. Mezani amekaa muhuri, amevaa miwani.

"Mtoto yuko wapi?"

"Huyu hapa," nasema, nikisogeza kiti cha magurudumu.

"Watoto hupimwa kwanza."

Wanamning'iniza kwenye mzani wa kliniki, ule wenye kaptura ya kitambaa. Anaenea.

"Kaka, wasiandike kilo," anasema. "Nimetoka kula ugali."

Muhuri anajigonga kwenye kadi. "Sasa waje wahusika, nione nani alitangulia."

Miaka kumi na minane inaingia kwa mstari, yote imevaa sare ya shule. Inadai ilitangulia. Ulemavu wa Gaudensia umekaa kwenye benchi tangu asubuhi, umeshika namba nne, kwa sababu aliugua akiwa na miaka minne.

"Mimi nilikuja mapema," unasema kwa upole.

"Kadi yake ya utotoni?"

"Ililiwa na mchwa," nasema. "Lakini mimi nilikuwepo."

"Wewe ni ndugu. Ndugu huwa mnakuwepo tu."

Ofisi sasa ni uani kwetu. Muhuri anazikagua zile fito mbili alizozilaza baba juu ya nguzo ili Gaudensia ajifunze kutembea akizishika. Siku hizi tunaanikia nguo.

"Mlijengwa lini?"

"Tupimeni," zinasema fito.

Namsimamisha Gaudensia. Zinamfika mapajani.

"Ee mkubwa," Gaudensia anamwambia muhuri, "mtu mzima anajengewa fito za kuinama hivi?"

Muhuri anavua miwani. "Nataka tarehe."

"Sajini aliichonga kwa kisu kwenye nguzo," zinasema fito. "Udongo umepanda. Chimbeni."

Nachimba kwa mikono.

Nikaamka. Kumekucha, Gaudensia anaita chai. Nilipompa kikombe alinishika vidole.

"Kaka, umelima saa ngapi?"

Kucha zangu zilijaa udongo mwekundu.

Nilitoka na kijiko. Chini ya nguzo palikuwa na alama za kisu, zikishuka: moja, tisa, nane. Tarakimu ya nne ilikuwa chini zaidi, bado udongoni, na mvua ikaanza.

"Hiyo nane inatosha," Gaudensia alisema kutoka mlangoni. "Mwaka wowote wa themanini nilikuwa mtoto."

Ni kweli. Lakini fomu inataka mwaka kamili, nami sipendi kukisia. Nimeifunika nguzo kwa turubai. Kijiko nimekiacha palepale. Kesho ni Alhamisi.