Kopo la Shemeji

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alikuwa kocha kwenye klabu ya kupanda farasi, na mimi nilikuwa natunza stoo ya chakula cha farasi hao hao. Nilijua kila kinachoingia kwenye kila ndoo, isipokuwa ndoo ya Waziri. Hiyo aliichanganya mwenyewe.

"Huyu mpe heshima yake, shemeji," alikuwa akiniambia. "Waziri halishwi na kila mtu."

Nikadhani ni mapenzi.

Waziri alikuwa farasi mweusi, mzuri wa kutazama na mwoga kupita kiasi. Mfuko wa plastiki ukipeperuka, anaruka kando. Mwavuli ukifunguliwa, anasimama kwa miguu ya nyuma. Alipoletwa hakuna aliyetaka kumpanda. Shemeji akamchukua, na baada ya muda akawa mpole kama ng'ombe wa maziwa. Wazazi wa watoto waliojifunza pale wakamsifu kocha. Binti yangu akapewa Waziri, wakazoeana, akajiandikisha mashindano ya kuruka viunzi.

Siku ya mashindano, watu walipopiga makofi tu, Waziri alipagawa. Binti yangu alirushwa juu, akaangukia kiunzi, mguu ukavunjika chini ya goti. Hospitalini, shemeji alisimama miguuni pa kitanda akawatangazia ndugu wote waliojaa mle chumbani: "Farasi hana tatizo. Mtoto aliogopa, akavuta hatamu. Mikono yake mizito, nilishamwambia."

Binti yangu akasema, "Nisamehe, baba mdogo."

Mtoto ana vyuma mguuni, na yeye ndiye anayeomba msamaha! Na aliamini kabisa. Tuliporudi nyumbani akaniambia nizigawe buti zake, kwamba yeye ni mtu wa kuharibu farasi wa watu. Sikuzigawa. Nilizitupa uvunguni, nikarudi kazini.

Kopo nililikuta nikitafuta brashi kwenye kabati la matandiko ya farasi. Lilikuwa limesukumwa nyuma kabisa, halina jina wala karatasi. Nilipolifungua, likanipiga harufu ya soksi za mchezaji mpira. Harufu hiyo niliijua. Ilikuwa ikibaki kwenye ndoo ya Waziri kila nikiiosha, nami siku zote nilidhani ni unyevu wa banda.

Nikachota kidogo nikampelekea daktari wa mifugo. Alinusa mara moja tu.

"Huu ni mzizi wa kutuliza, umesagwa. Si sumu. Farasi mwenye hofu unaweza kumpunguzia wasiwasi wakati unamzoesha taratibu vitu anavyoviogopa. Ila kwenye mashindano umekatazwa, wakipima damu wanauona. Inabidi umwachishe mapema, na anayempanda lazima aambiwe."

"Na asipoambiwa?"

Daktari akafunga mkoba wake. "Mama, jibu si unalo nyumbani?"

Jioni nilimweleza mume wangu. Akajikuna kichwa. "Yule ni mdogo wangu. Tumwite, tuongee naye kifamilia."

"Atakana. Kopo halina jina, atasema la fundi, la panya, la shetani. Na huyu mwenye vyuma mguuni ni nani wako?"

Akaendelea kujikuna kichwa. Nami sikuwa nimeuliza ili nijibiwe.

Shemeji alikuwa mbioni kufanywa kocha mkuu. Wenye klabu waliandaa maonyesho, na yeye aliahidi kumpitisha Waziri katikati ya miavuli na makofi, wazazi wakitazama. Hayakuwa mashindano, hakuna wa kupima damu. Kwa hiyo kopo lingefanya kazi.

Siku chache kabla, nililimwaga lote, nikalijaza pumba laini. Rangi ni ile ile. Harufu ilishaganda kwenye bati, hata ungelisugua kwa mchanga lingenuka. Nikalirudisha nyuma ya matandiko, nikaanza kumchekea shemeji kuliko nilivyowahi kumchekea tangu niolewe.

"Naona umepoa, shemeji," akasema, akikoroga ndoo yake.

"Nimepoa sana."

Siku ya maonyesho mume wangu alimleta binti na magongo yake. Hakutaka kuja. Nilimwambia akae kiti cha mbele na asiniulize kitu. Shemeji alitoka na buti zinazong'aa, akatoa hotuba ndefu kuhusu mkono mwepesi na moyo wa subira. Akamtazama binti yangu, akatabasamu. "Wengine bado tunajifunza."

Mtoto akainamisha kichwa. Mimi nikapiga makofi. Wazazi nao wakapiga, na miavuli ikafunguliwa.

Waziri alitupa shingo juu, macho yakamtoka, jasho likaanza kumlowesha kifuani. Shemeji tayari alikuwa na mguu mmoja kwenye kikuku cha tandiko. Farasi akazunguka naye, akamburuta anarukaruka kwa mguu mmoja kama mtoto anayecheza uani. Mtu akacheka. Shemeji akauchomoa mguu, akarudi nyuma, akapiga kelele:

"Nani amegusa kopo langu?"

Uwanja wote ukamsikia.

"Kopo gani, shemeji?" nikauliza kwa upole.

Mwenyekiti wa klabu akasimama. "Kopo gani, kocha?"

"Ni... vitamini tu."

"Vitamini haikuzuii kupanda," nikamwambia. "Panda. Si ulisema farasi hana tatizo, tatizo ni mikono? Wewe mikono yako myepesi. Panda, tunasubiri."

Alimtazama Waziri. Alinitazama mimi. Mnauliza kama ningemwacha apande? Ningemwacha, na kiti ningesogeza mbele. Lakini hakupanda.

Daktari wa mifugo, aliyekuwa amekaa na wenye klabu, akasema kwa sauti kavu, "Mweleze mwenyekiti ni mzizi gani, kocha, au nimweleze mimi."

"Ni wa kutuliza," akasema shemeji. "Ni mitishamba tu, watu wengi wanatumia..."

"Na siku aliyoanguka mtoto?" nikamkatiza.

"Shemeji, haya tungeyazungumza nyumbani."

"Yeye ulimsema mbele ya watu. Sema."

Alilamba midomo. "Nilikuwa nimemwachisha. Wangempima."

"Ulimwambia aliyempanda?"

"Sikumwambia."

"Usiniambie mimi. Yule pale."

Akamgeukia binti yangu. Sauti ilimtoka ndogo kama ya mtu mwenye mafua. "Mwanangu, haikuwa mikono yako. Nilijua farasi hajapewa dawa, nikakuacha upande."

Mume wangu alishika mkono wa kiti chake hadi vidole vikapauka. Mwenyekiti alikuwa ameshaanza kuondoka, na wenzake nyuma yake. Nilimgeukia mtoto, nikitegemea machozi. Hayakuwepo. Alikuwa amekusanya magongo yake, anajiinua polepole, na alipokwisha kusimama wima akamtazama baba yake mdogo usoni kwa mara ya kwanza tangu hospitalini.

"Rudia, baba mdogo," akasema. "Kule nyuma hawajasikia."

Akarudia.