Nyota Ishirini na Saba

Mgeni alishuka kwenye basi la mchana bila kutarajiwa na mtu, akapanda kilima kwa miguu kupitia msitu wa misonobari, akasimama mlangoni mwa chumba cha kulia cha kituo cha kuchunguza nyota, viatu vyake vimejaa matope. Ndani watu walikuwa wakinywa supu baridi ya bitiruti na viazi vya moto.

"Naitwa Maarika, natoka Tartu," alisema. "Namtafuta Skaidra. Nimemwandikia mara sita."

Skaidra aliweka kijiko chini. Barua zote sita alizisoma. Profesa Vygantas, mkuu wake, ndiye aliyemkataza kujibu.

"Karibu mezani, binti," Profesa alisema, midomo imepakwa rangi ya waridi na supu. "Kwani huko kwenu Estonia hakuna simu?"

"Zipo. Zenu ndizo hazipokelewi."

Alikaa, lakini hakugusa sahani. Alisema moja kwa moja kilichomleta. Mwaka uliopita Profesa na Skaidra walikuwa wametangaza kwamba kundi kubwa la nyota kongwe za galaksi yetu liliacha kuzaliwa ghafla, miaka bilioni tisa iliyopita. Walijuaje? Nyota za mwanzo zina chuma kidogo, na kila kizazi kinacholipuka huziongezea chuma zile za baadaye. Ukiijua kemia ya nyota na umri wake, unaweza kusema ilizaliwa lini na katika mazingira gani. Maarika alikuwa amepata nyota zenye kemia ileile ya nyota kongwe, ila umri wake ni mdogo, yaani kuzaliwa huko hakukukoma ghafla. Mwalimu wake alimwambia amepima ovyo.

"Jumatatu nasimama mbele ya jopo la shahada yangu," alisema. "Wakisema nimekosea, miaka minne imekwisha hivyo. Naomba orodha ya nyota mlizoziondoa katika makala yenu. Basi."

"Hizo zimemeza nyota nyingine," Profesa alijibu huku akimega kiazi. "Nyota ikimeza mwenzake inanenepa, na sisi tunaokisia umri kwa uzito tunaiona kijana."

"Zipo za namna hiyo. Mlizichunguza?"

"Bibi kizee akijipaka wanja, nimchunguze nini?"

Meza nzima ikacheka. Skaidra naye akacheka, kwa mazoea tu. Hawakuchunguza hata moja.

Aliikumbuka siku ile ya Machi. Nukta zote zilikuwa kwenye kioo cha kompyuta, na mwisho ule wa ghafla haukuwapo. Profesa aliinama begani kwake akasema, "Safisha." Skaidra akakaza kiwango cha ubora wa vipimo, nyota tano zikatoweka. "Safisha tena, mwanangu." Mpaka zilipotoka ishirini na saba na mchoro ukanyooka. Alizitupa kwenye faili aliloliita Takataka. Halafu yeye mwenyewe akaandika katika makala: nyota zenye vipimo hafifu ziliondolewa. Vipimo havikuwa hafifu. Vingine vilikuwa bora kuliko vyote walivyokuwa navyo.

Baada ya chakula alimkuta Maarika nje, anakwangua matope ukingoni mwa ngazi.

"Dada, ungenijibu hata neno moja," Maarika alisema. "Nilianza kudhani mimi ni mwendawazimu."

"Basi lako ni saa ngapi?"

"Kumi na moja."

"Utaipata orodha kabla hujapanda. Nakuahidi."

Profesa alikuwa ameshafika ofisini, amekalia kiti cha Skaidra. Shati lake lilinuka bizari na maziwa yaliyochacha.

"Mkataba wako natia saini Ijumaa," alisema kwa upole. "Au sitii. Usiniponze kwa ajili ya mtoto wa watu."

"Tulidanganya, Profesa."

"Tulidanganya?" Akamwekea mkono begani, palepale alipoinama siku ile. "Mkono uliosafisha ni wako, mwanangu. Mimi nilisema tu."

Akatoka akipiga mluzi. Skaidra alifungua dirisha, lakini harufu haikutoka. Kilichomchukiza zaidi si mzee yule wala mkono wake. Ni kwamba alisema kweli. Nyota hizi zilikuwa zimeangaza tangu kabla dunia haijakuwapo, zikabeba ndani yao kumbukumbu ya zile zilizozitangulia, na yeye, aliyeipenda kazi hii tangu utotoni, alizifuta kwa kidole kimoja ili mstari unyooke.

Akalifungua lile faili. Juu ya orodha aliandika: "Vipimo vya nyota hizi ni vizuri. Niliziondoa mimi kwa sababu zilipingana na jibu tulilolitaka." Akachapa kurasa nne, akazitia saini.

Chini ya kilima, basi lilikuwa linanguruma kituoni. Maarika alisoma sentensi mbili za juu, akamgeukia Skaidra.

"Unajua watakufanya nini?"

"Najua."

"Naweza kulikata hili jina lako. Nitasema nimeipata tu mahali."

"Wataitilia shaka, na wewe una Jumatatu," Skaidra alisema. "Hesabu kwanza. Ziwe ishirini na saba."

Maarika akahesabu kwa kidole, mstari kwa mstari, dereva akipiga honi. Zilitimia. Akapanda na kurasa zote nne, jina likiwa mahali pake.