Aliyepiga Simu Ghar el-Melh

Salwa alikuta kitambulisho cha mdogo wake chini ya godoro alipokuwa akibadilisha shuka. Asubuhi ile Anwar alikuwa ameaga kwamba anakwenda kijiji cha pwani cha Ghar el-Melh na wenzake, kuogelea na kula samaki. Nani huenda kuogelea akaficha kitambulisho? Jijini Tunis hata watoto walijua: wanaoacha vitambulisho ni wale wanaovuka kwa mashua kwenda Italia, ili wakikamatwa isijulikane watokako.

Hakumwambia mama yao. Alivaa viatu vyake vya kiwandani, vilivyokuwa karibu na mlango, akakimbilia teksi za pamoja ziendazo pwani. Saa nzima njiani alimpigia Anwar. Simu ilikuwa imezimwa.

Ilikuwa Jumapili na kijiji kimejaa watu wa mjini. Familia zilipiga picha chini ya matao ya bandari ya kale. Salwa alipita katikati yao akionyesha picha ya Anwar kwenye simu. Aliingia ngome moja ya kale, akaingia ya pili, akadaiwa tiketi, akasema anamtafuta mtoto aliyepotea. Mtoto mwenyewe alikuwa na miaka ishirini na miwili.

Mama mmoja aliyeuza mikate karibu na msikiti aliitazama picha, kisha akamtazama Salwa.

"Mwanao huyu?"

"Mdogo wangu. Baba alipofariki nilimlea mimi."

"Asubuhi kanunua mikate sita. Nikamuuliza, yote hiyo unaiweka wapi, mwembamba wewe? Akacheka." Mama akashusha sauti. "Kuna ghala bovu nyuma ya makaburi. Lakini mimi sijakwambia kitu, mwanangu."

Alimkuta Anwar nje ya ghala, ameegemea ukuta, amevaa masweta mawili kwenye jua kali.

"Umefuata nini huku, dada?"

"Nimekufuata wewe. Twende nyumbani."

"Nyumbani kuna nini? Mwaka wa tatu huu nina cheti cha ufundi umeme, na sigara bado unaninunulia wewe."

"Nitaendelea kukununulia."

"Basi hiyo ndiyo inayoniua."

Alimbembeleza. Alimng'ang'ania sweta, akapiga magoti mchangani, yeye ambaye hakuwahi kumpigia magoti mtu yeyote. Mwanamume mmoja akachungulia kutoka ndani na kuwaambia wapunguze sauti. Kupitia mlango ule uliofunguka Salwa aliona watu wamebanana sakafuni, na mwanamke ananyonyesha. Alihesabu hadi thelathini na tisa, akaacha. Mashua alikuwa ameiona njiani, imefunikwa turubai. Urefu wake haukuzidi hatua nane.

"Nawapigia walinzi wa pwani," alisema.

"Piga. Ila ukipiga, mimi si ndugu yako tena. Nakuapia kwa kaburi la baba."

Anwar hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililomtisha Salwa. Aliondoka akaenda hadi gatini, akaketi kati ya watu waliokuwa wakinywa maji ya malimao yenye barafu. Mara tatu aliandika namba, mara tatu akaifuta. Alimfikiria mama yao. Akamfikiria yule mtoto anayenyonya. Adhana ya alasiri ilipokwisha, akapiga.

Walinzi walikuja jua lingali juu. Watu walitolewa ghalani wawili wawili, wakaketishwa kando ya barabara. Yule mwanamke mwenye mtoto mchanga alimwona Salwa amesimama na chupa, akamwomba maji. Salwa akampa.

"Ndiye huyo aliyetuuza," Anwar alisema, kwa sauti ya mtu anayetaja saa.

Mwanamke aliiondoa chupa mdomoni kabla hajanywa, akaifunga kizibo, akamrudishia.

Anwar aliachiwa baada ya siku nne. Hakurudi nyumbani, alihamia kwa rafiki yake upande wa pili wa jiji, na namba ya Salwa akaizuia kwenye simu yake. Mama yao hakumlaumu Salwa wala hakumshukuru. Alilia tu, akipika, akifua, akiswali.

Ijumaa ndiyo siku anayokuja Anwar kumwona mama, akitarajia Salwa yuko kazini. Wiki ambayo Salwa hana zamu, Anwar akimkuta hugeuka mlangoni akaondoka. Kwa hiyo Salwa alikwenda kwa msimamizi wa kiwanda, akaomba zamu za Ijumaa zote ziwe zake, mwaka mzima.